Dumu la Lita Tano na Daftari la Vipimo

Mama yangu alianguka bafuni siku ya Jumatano, mwezi wa pili mwaka 2022, saa moja kasoro asubuhi. Nilikuwa barazani nakata kitambaa cha sare za shule. Nikasikia ndoo imepinduka, halafu kimya, halafu sauti yake ikiniita kwa jina langu la utotoni. Nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo kaegemeza ukutani, mkono wa kushoto kaupakata. Nikamwambia, "Bi mkubwa, nishike shingoni." Akanishika. Nikavuta. Hakuinuka. Nikavuta tena, mguu ukateleza, nikapiga goti kwenye sabuni, tukabaki wote wawili pale chini tunatazamana.

Mama hakuwa na kilo hata sitini. Mimi nilikuwa na sitini na nane, umri miaka arobaini na moja, mzima wa afya. Ikabidi nitoke nikamwite kijana wa jirani anayeendesha bodaboda. Alisubiri mlangoni amegeuza uso wakati namfunika mama khanga, kisha akaingia, akachuchumaa, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akamsimamisha kama anavyoisimamisha pikipiki yake ikilala. Sekunde tatu tu.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimepata ufa, akafungwa hogo wiki sita. Nyonga ilikuwa salama, na kwa hilo nashukuru hadi leo. Lakini kilichoninyima usingizi ni ile sakafu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nakaa kwenye mashine tangu asubuhi hadi usiku, jioni mabega yanawaka na kiuno kinauma, na kwa miaka yote ile nilichukulia kwamba mtu anayechoka hivyo ni mtu mwenye nguvu. Kumbe nilikuwa nachoka tu.

Hogo lilipotolewa tulipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole. Alimwamkia mama shikamoo bibi, mama akamwita mwanangu, wakapatana hapo hapo. Nilidhani ataanza na mkono. Akavuta kiti cha mbao kisicho na mikono. "Bibi, weka mikono kifuani. Simama, kaa, simama, kaa, mpaka nikwambie basi." Akatazama saa, sekunde 30. Mama alisimama mara tatu, na mara zote tatu alilisukuma paja kwa ule mkono mzima. Yule kijana akatueleza kwamba katika kipimo hicho, mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akishindwa kufika mara 10 anahesabiwa yuko kwenye hatari ya kuanguka. Mama alikuwa na 72. "Sabuni imekutelezesha, bibi, lakini mapaja ndiyo yameshindwa kukuzuia."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe dada, kaa hapa kwenye mkeka, halafu simama bila kushika chochote."

Sikuweza. Nilihitaji mkono mmoja chini na mwingine juu ya goti, na nilipofika juu nilikuwa nahema.

Aliyonieleza siku ile ndiyo yamebeba kila kitu nilichofanya baadaye. Msuli huanza kupungua tangu miaka 30 hivi, kwa kadiri ya asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Nguvu hupotea upesi kuliko nyama yenyewe. Na katika nyuzi za msuli, zinazotangulia kudhoofika ni zile za haraka, zile zinazouwahisha mguu unapoteleza. Aliposema nyuzi nikamwelewa mara moja. Nguo huisha uzi mmoja mmoja, na mwenye nguo hajui mpaka siku inapopasuka.

Nikamwuliza: mbona nafanya kazi siku nzima? Nafua, nabeba maji bomba likikatika, nasukuma mashine. Akanijibu kwamba mwili hujipima kwa mzigo unaouzoea na kuishia hapo. Ukibeba ndoo ile ile miaka ishirini, utakuwa na nguvu za ndoo ile. Na ukianza kuibeba nusu, utakuwa na nguvu za nusu ndoo. Kinachojenga ni nyongeza, ndogo na ya mara kwa mara.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili liliingia hospitalini kupitia daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa akiwatibu askari majeruhi mjini Chicago, wengi wao wenye magoti yaliyoumia, na siku hizo desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi. Yeye utotoni aliugua homa ya baridi yabisi, akajijenga upya kwa kunyanyua vyuma, kwa hiyo akawapa askari wale uzito halisi na kuuongeza kadiri walivyopata nguvu. Wakapona upesi kuliko ilivyotarajiwa. Kufika mwaka 1948 alikuwa amepunguza utaratibu wake hadi seti tatu za marudio kumi, yaani unanyanyua mara kumi, unapumzika, unaanza tena, hivyo mara tatu: ya kwanza kwa nusu ya uzito unaouweza mara kumi, ya pili kwa robo tatu yake, ya tatu kwa uzito wote. Zile seti tatu za kumi zilizobandikwa kwenye kuta za jimu dunia nzima zimetoka kwa wagonjwa. Mimi hilo lilinipa moyo sana, kwa sababu nilikuwa nimeogopa kwamba vyuma ni vya mabaunsa.

Ramadhani iliingia siku chache tu baada ya hospitali, nami nikasema nitaanza baada ya Idi. Mama akaniuliza, "Idi na kiti wapi na wapi?" Yeye ndiye aliyeanza. Kila siku ya pili, baada ya futari kutulia tumboni na kabla ya tarawehe, alivuta kiti akakiegemeza ukutani kisisogee. Mama ana presha, na yule mtaalamu alikuwa amemkataza kubana pumzi wakati wa kujisukuma, kwa sababu pumzi ikibanwa presha hupanda kwa ghafla. Alimwambia ahesabu kwa sauti, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Mama hakuhesabu. Kila anaposimama alisema "Subhanallah", na mimi ndiye niliyehesabu. Tulianza na nne kwa kushika meza, tukapumzika, tukarudia nne.

Mimi nilianza wiki ile ile, kwa aibu. Sikuwa na vyuma. Nilikuwa na dumu tupu la mafuta ya kula la lita tano. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu ni mzani ukijua kulitumia. Nikachukua chupa ya maji ya nusu lita, nikaimimina dumuni, nikapiga mstari kwa maka peni pale maji yalipofika. Chupa ya pili, mstari wa pili. Nilipomaliza nilikuwa na mistari kumi, na kila mstari ni nusu kilo. Miezi michache baadaye nilipoingia jimu niliona jinsi dumu lilivyokuwa zuri: sahani ndogo kabisa ya chuma pale ilikuwa ya kilo mbili na nusu, na kwa kuwa unaweka moja kila upande wa chuma kirefu, nyongeza ndogo kuliko zote ni kilo tano. Kwa kijana hiyo si kitu. Kwa mtu anayeanza na kilo tatu ni kama kuambiwa uruke ukuta.

Kila fundi ana daftari la vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, jina la mteja na tarehe ya kuchukua. Nililigeuza langu nyuma mbele, nikaanza kuandika vipimo vyangu. Tarehe, zoezi, mstari wa maji, marudio ya kila seti, na mwishoni namba moja zaidi: nilibakiwa na mangapi. Hii namba ya mwisho ndiyo niliyochelewa kuielewa. Mwanzoni nilidhani lazima nifike mahali mikono inatetemeka na kushindwa. Haihitajiki. Unasimama pale unapojua ungeweza kurudia mara moja au mbili tatu zaidi bila mkao wa mwili kuharibika. Chini ya hapo, ukibakiwa na kumi, ni kupunga hewa. Utaratibu wangu ulikuwa seti tatu za marudio manane. Nikiweza kumi na mbili katika seti zote tatu, naongeza mstari mmoja na kurudi kwenye manane. Nimewaonyesha wateja wangu wengi ukurasa ule kuliko nilivyowaonyesha kitu kingine chochote, kwa sababu ukiutazama kutoka mbali hauoni miujiza. Mstari. Mstari. Wiki mbili kimya. Mstari.

Mazoezi yenyewe yalikuwa matano, siku tatu kwa wiki, nusu saa. Kukaa na kusimama huku nimelikumbatia dumu kifuani. Kulinyanyua kutoka chini. Pushapu, kwanza ukutani, kisha kwenye meza ya kukatia, na sakafuni baada ya miezi mitano. Kulivuta dumu hadi mbavuni nimeinama na kushika meza kwa mkono mmoja. Na kubeba madumu mawili kutembea uani, kwenda na kurudi. Kuchuchumaa, kunyanyua, kusukuma, kuvuta, kubeba: mwili hauna kazi nyingi zaidi ya hizo. Siku nyingine natembea kuelekea Raskazone na kurudi, kwa ajili ya moyo. Shirika la Afya Duniani linataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za namna hiyo kwa wiki, na wengi wetu tumeisikia hiyo. Sehemu ya pili ya mwongozo huo huo, ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki, hatuisikii.

Kunyanyua kutoka chini ndiko kulikonifundisha mwili wangu umeungwa vipi. Sisi wanawake wa hapa tunainama kwa kukunja mgongo: kufagia, kufua, kukoroga sufuria. Yule mtaalamu alitaka nikunje nyonga, makalio yaende nyuma, mgongo ubaki ulivyo. Maneno yale hayakuniingia mpaka nilipochukua rula yangu ya mbao ya mita moja, ile ya kupigia mistari kwenye kitambaa, nikaiweka mgongoni kwa kuishika kichwani kwa mkono mmoja na kiunoni kwa mwingine. Inatakiwa iguse mahali patatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Ukiinama na rula ikaachana na mahali pamoja, mgongo umekunjika. Mara ya kwanza iliachana na kisogo. Mara ya kumi iliachana na makalio. Nilirudia bila uzito wowote siku tisa, kila nikipumzika kushona, mpaka nikahisi nyuma ya mapaja panavutika. Kumbe ndipo mzigo unapotakiwa ukae, na maumivu ya kiuno niliyokuwa nayo tangu nina miaka thelathini yakaanza kupungua kabla sijafika hata mstari wa saba.

Wiki ya tatu nilijipima paja kwa futi. Inchi 23, zile zile. Lakini dumu lilikuwa limepanda mistari minne. Nilidhani nimekosea kupima. Sikukosea, katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka kabla nyama haijaongezeka, kwa sababu ubongo unajifunza kuziita nyuzi nyingi zifanye kazi kwa pamoja. Yeyote aliyejifunza cherehani ya miguu anakijua kitu hiki. Wiki ya kwanza gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika, wiki ya tatu miguu inakwenda yenyewe, na miguu ni ile ile.

Maumivu yalinitisha, nayo niyaseme. Siku ya pili baada ya kuanza, kukaa chooni kulikuwa kazi. Maumivu hayo hutokana zaidi na ule upande wa kushuka, pale msuli unaporefuka huku unauzuia mzigo, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha huondoka. Yakishapungua usiyatafute. Kuna watu wanapima zoezi kwa jinsi walivyoumia, na wanakata tamaa mwili ukizoea, wakati kuzoea ndiko walikokuwa wanakutafuta.

Nililokosea sana nilikosea mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule. Nilikuwa nimeingia jimu ya vijana, jengo la bati lenye benchi mbili na vyuma vilivyochongwa na fundi wa gereji, na chuma kirefu kimoja cha kilo 20. Vijana walinipokea kwa heshima, "shikamoo mama" kila mmoja, na walinipangia sahani bila kuniuliza maswali. Nilikuwa nanyanyua kilo 35 vizuri. Kisha nikamwona msichana mdogo ananyanyua 50, na wivu ukanishika. Ndani ya wiki moja nikaruka hadi 45. Na wiki ile ndiyo ya sare za shule, watoto wa mtaa mzima wanafungua Januari, nalala masaa manne tu kwa usiku. Jumamosi nilinyanyua mara ya tatu, nikahisi mgongo umebana kama zipu iliyonasa kitambaa. Wiki mbili sikuweza kukaa kwenye mashine. Sare za watu zikachelewa.

Sikuwa na wa kumlaumu, na daftari lilinionyesha wazi. Nyongeza ya kilo kumi kwa wiki ambayo sikulala. Zoezi ni oda tu. Mwili hushona usiku, umelala, na kitambaa chake ni chakula. Nilikuwa natoa oda juu ya oda na duka limefungwa. Nilirudi kwenye kilo 20, na kufika 45 kulinichukua wiki tisa, na safari hii ilikuwa 45 ya kweli.

Chakula nacho nilikipima. Anayejenga misuli anahitaji protini kama gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mimi nilitakiwa nipate angalau 80 kwa siku. Nilipoandika nilichokula siku tatu, chai na chapati, wali na mchicha, ugali na kipande cha samaki, nilikadiria 40. Sikununua poda za makopo. Niliongeza mayai mawili asubuhi, gramu 12. Kiganja cha dagaa wakavu, gramu 30 zake zina protini karibu 18. Kikombe cha maharage ya nazi, kama 15. Na glasi ya maziwa usiku, 8. Pesa ya dagaa niliitoa kwenye soda.

Ramadhani ya mwaka 2023 sikuacha tena. Nilipunguza siku kutoka tatu hadi mbili, seti kutoka tatu hadi mbili, na uzito nikauacha pale pale, saa moja na nusu baada ya futari nikiwa nimeshakunywa maji ya kutosha. Idi ilipofika sikuwa nimepoteza hata kilo moja ya chuma. Nguvu zilizokwisha kujengwa hutunzwa kwa kazi ndogo sana kuliko ile iliyozijenga, na hili nalitamani kila mama mwenye shughuli nyingi alijue, kwa sababu wengi huacha kabisa pale wanaposhindwa kufanya yote.

Wateja wangu waliniambia nitakuwa na mwili wa kiume. Mimi ndiye ninayewapima, basi nikajipima mbele yao. Baada ya mwaka na zaidi, paja kutoka inchi 23 hadi 24, kiuno kutoka 34 hadi 32. Wanaume wana homoni ya kujaza misuli mara kumi na zaidi ya tuliyonayo. Mwanamke hafiki huko kwa bahati mbaya.

Mwezi wa sita mwaka 2023 nilinyanyua kilo 60 mara tano kutoka sakafuni, mgongo umenyooka. Sikuichagua namba hiyo kwenye kitabu. Bi mkubwa ana kilo 57.

Yeye alikuwa na safari yake. Nilimsimulia habari niliyoisoma ya watafiti wa Boston, mwaka 1990, waliowapa mazoezi mazito ya miguu wazee kumi dhaifu waliokuwa wakitunzwa kwenye nyumba ya wazee, wenye wastani wa miaka 90. Wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Miaka tisini! Mimi basi bado kigoli," akavuta kiti. Kwenye sekunde 30 alifika sita, kisha nane, kisha mwezi wa tisa kumi na moja, mikono kifuani, Subhanallah kumi na moja. Nikampa dumu, mistari miwili.

Tangu aanguke alikuwa anasali kwenye kiti. Hakuwahi kulalamika, lakini kila Maghrib nilimwona anautazama ule mswala uliokunjwa juu ya kabati. Jioni moja mwezi wa kumi na moja nilikuwa napindisha pindo la gauni, nikamwona ameutandika chini, na kiti amekiweka pembeni yake. Niliacha kukanyaga mashine. Aliposujudu nilisimama mlangoni, tayari, magoti nimeyalegeza kama ninavyojiandaa mbele ya chuma. Akainua kichwa. Akaweka mkono kwenye kiti, akatanguliza mguu wa kulia, akatoa pumzi kwa sauti, akasimama. Rakaa tatu, akasimama kila alipotakiwa kusimama, na mikono yangu ikabaki mitupu.

Alipomaliza hakunitazama. Alikunja mswala, akasema, "Andika."

Nikafungua daftari, nyuma mbele. Tarehe. Bi mkubwa, kutoka sakafuni. Hapo nikaandika kwamba ameshika kiti.